Maneno magumu ya Kiingereza yanafunguka kwa mizizi ya Kilatini: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Kama ulisoma shule ya msingi ya Kiswahili alafu ukaingia form one unajua ninachokisema. Unafungua kitabu cha Biology au Geography, ukurasa wa kwanza tu unakutana na transpiration, precipitation, terrestrial, unayapigia mstari kwa penseli ukijiambia jioni ntayatafuta kwenye kamusi, jioni ikifika ukurasa mzima una mistari na kamusi ni moja kwa darasa zima. Mimi nilikariri. Neno moja moja kama namba za simu, na mtihani ukiisha yamepotea yote. Nilikuja kushtuka baadae sana kwamba yale maneno yana undugu, mzizi mmoja una watoto kumi, kumi na tano, na ukishaujua mzizi unawatambua watoto hata ukiwakuta kwenye kitabu ambacho hujawahi kukishika.

Na msemaji wa Kiswahili ana kichwa kilichoandaliwa kwa hii kazi kuliko anavyodhani. Chukua soma. Kutoka hapo unapata somo, msomaji, msomi, usomaji, kisomo, somesha, someka, somea. Hakuna mtu aliyekukalisha chini kukufundisha maneno manane, ulijua -som- na ukajua vinavyoweza kukaa mbele na nyuma yake, basi. Kilatini kinafanya hivo hivo, na Kiingereza kimebeba maneno ya Kilatini kwa maelfu. Kwaiyo unachohitaji ni kuhamisha ujuzi ulionao, mana huanzi kutoka sifuri.

Kwanza ujue yameingiaje

Kiingereza kwa asili ni ndugu wa Kijerumani. Maneno ya nyumbani kama water, hand, sun, go, eat, yote ni ya upande huo. Mwaka 1066 William wa Normandy akavuka bahari kutoka Ufaransa akaiteka Uingereza, na kwa mda mrefu baada ya hapo serikali, mahakama na wakubwa wa nchi wakawa wanatumia Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Kanisa na wasomi nao walikuwa wanaandika Kilatini chenyewe, na wanasayansi waliokuja baadae wakaendelea kuchota kisima hicho hicho. Ndio mana Kiingereza kina ngazi mbili. Chini kuna sun, juu kuna solar, hiyo hiyo tunayoiita sola tukinunua paneli. Chini hand, juu manual. Chini tooth, juu dental. Chini year, juu annual. Zaidi ya nusu ya maneno ya kwenye kamusi ya Kiingereza chanzo chake ni Kilatini, ama moja kwa moja ama kupitia Kifaransa, na yamejaa pale pale panapotuumiza: vitabu vya shule, mikataba ya kazi, barua za benki, hukumu za mahakama. Ya ngazi ya chini utayaokota kwenye muvi. Ya juu inabidi uyaendee kwa makusudi.

Hatua ya 1: andika Kilatini ambacho tayari unacho mdomoni

Nunua kaunta buku ndogo iwe ya kazi hii tu. Usichanganye na madaftari mengine, mana utakuwa unalirudia kwa miezi.

Kurasa mbili za mwanzo usiweke kitu kipya, weka maneno ya Kiswahili unayotumia kila siku ambayo ndani yake kuna Kilatini. Trekta, kutoka tractor, mzizi ni tract, maana yake kuvuta, na trekta kazi yake ni kuvuta. Konda wa daladala, kutoka conductor, con ni pamoja na duct ni kuongoza. Risiti, kutoka receipt, ndani kuna capere, kuchukua au kupokea, ndio mana kuna ile p inaandikwa ila haisomwi. Basi limetoka omnibus, kwa ajili ya wote, Waingereza wakakata neno wakabaki na mkia tu, bus. Vidio, kutoka video, kwa Kilatini ni naona na audio ni nasikia, maneno mazima yenye mtendaji ndani yake kama yetu. Ajenda ni mambo ya kutendwa. Veto ni nakataza. Misa ya Jumapili inatoka missa, na missa inatoka kwenye mittere, kutuma au kuachilia. Sensa ni census.

Mengine yametujia kwa njia ya mbali. Meza tulipewa na Wareno, mesa yao inatoka mensa ya Kilatini. Kandili imepita kwa Waarabu, lakini ukiifuata nyuma unafika candela, hapo hapo ilipotoka candle. Na hili huwa linawashangaza wengi, siratalmustakimu, njia iliyonyooka, ile sirat wataalamu wa lugha wanaifuata nyuma mpaka strata, barabara ya kusakafiwa mawe, ambayo ndio imezaa pia street ya Kiingereza.

Nakusisitizia hatua hii mana inaondoa woga. Ukishaandika maneno kumi na tano ya aina hiyo unaona kabisa kwamba mgeni huyu anaishi nyumbani kwako siku nyingi.

Hatua ya 2: shika viambishi vya mbele kabla ya mizizi

Watu wengi wanakimbilia mizizi kwanza wakati viambishi vya mbele ni vichache na vinajirudia kila mahali. Maliza hivi kwa wiki moja: re ni nyuma au tena, ex au e peke yake ni kutoka nje, in ni ndani na saa nyingine ni si, sub ni chini, trans ni kuvuka, pre ni kabla, pro ni mbele, con ni pamoja na saa nyingine ni kabisa, de ni kushuka au kuondoa, dis ni kutenganisha, inter ni kati, ad ni kuelekea, ab ni kutoka kwa, ob ni mbele ya kitu au dhidi yake, per ni kupitia mpaka mwisho, circum ni kuzunguka, contra ni kinyume. Kumi na saba tu.

Vipime kwa mzizi mmoja rahisi, port, kubeba. Import, kubebea ndani, mizigo inaingia nchini. Export, inatoka. Transport, kuvusha kutoka huku kwenda kule. Deport, mtu anabebwa anaondolewa nchini. Report, kubeba habari kuirudisha kwa aliyekutuma, ndio ripoti. Portable, kinachobebeka. Porter, mbebaji, muulize yeyote aliyepanda Kilimanjaro.

Sasa kuna kitu kinawachanganya wengi, hivi viambishi vinabadilika sura. Usiogope, Kiswahili kinafanya kila siku. Tunasema nyumba ndogo, nyumba nzuri, alafu tunasema nyumba mbaya, hatusemi nbaya, na tunasema nyumba ndefu wakati neno ni -refu. Kiambishi ni n kile kile, kikikutana na b kinakuwa m, kikikutana na r basi ile r inageuka d, mana mdomo unatafuta njia nyepesi. Kilatini hivo hivo. In ikikutana na p inakuwa im, impossible. Ikikutana na l inakuwa il, illegal. Ikikutana na r inakuwa ir, irregular. Con inatoa combine, collect, correct. Ad ndio inajificha kuliko zote, accept, affect, attract, appoint, assist, zote mwanzoni ni ad iliyomezwa na herufi inayofuata. Na support ni sub na port, kumbebea mtu kutokea chini. Kwaiyo ukiona herufi imejirudia mara mbili karibu na mwanzo wa neno refu, shuku kwamba kuna kiambishi kimemezwa hapo, mara nyingi utapatia. Hii pia inakutibu tatizo la spelling, hutojiuliza tena kama accommodate ina c moja au mbili na m moja au mbili, ni ad na con na mzizi wake, kila kiambishi kimeacha herufi yake nyuma.

Hatua ya 3: upasue mzizi mmoja mpaka ubaki mifupa

Hapa ndio kwenye moyo wa kazi, nenda taratibu. Tuchukue spect, kutazama.

Andika spect katikati ya ukurasa, uzungushie duara. Chini yake andika tazama. Sasa kabla ya kwenda kwenye kamusi yoyote jiulize, Kiswahili chenyewe kimefanya nini na tazama? Mtazamaji. Mtazamo. Tazamia. Tazamana. Haya, rudi kwenye Kiingereza. Spectator ni mtazamaji. Perspective ni mtazamo. Expect, ex na spect, kutazama nje kama mtu anayechungulia barabarani mgeni anakuja lini, ni kutazamia. Neno kwa neno. Waroma na Waswahili hawakukaa kikao, ila binadamu wote wakingojea kitu wanatazama njia.

Endelea. Inspect, kutazama ndani, kukagua, inspector anafungua mpaka kabati. Suspect, sub na spect, kumwangalia mtu chini chini, yaani unamshuku. Respect, kutazama tena, mtu ambaye ukipishana nae unageuka kumwangalia mara ya pili kwa sababu ana uzito. Prospect, kutazama mbele, matarajio. Retrospect, kutazama nyuma. Circumspect, anayetazama pande zote, kwa Kiswahili mwangalifu, na mwangalifu si imetoka kwenye angalia? Spectacles, miwani. Spectacular, kitu cha kutazamika mpaka unaacha kazi.

Mzizi huu una sura nyingine, spic, utaikuta kwenye suspicious na conspicuous. Conspicuous ni kinachoonekana wazi na kila mtu, na lilikuwa neno linanitesa sana mpaka nilipoliona limekaa kwenye huu mti.

Maneno zaidi ya kumi na mawili kwa ukurasa mmoja. Kwa kila neno andika vitu vitatu, vipande vyake, maana ya vipande ukiviunganisha kwa Kiswahili cha kawaida hata kama sentensi inachekesha, alafu maana yake ya leo. Mwisho tunga sentensi ya maisha yako. Usiandike The spectator is in the stadium kama ya kwenye kitabu. Andika kuhusu baba yako, mtaa wako, mechi uliyoenda, utaikumbuka.

Hatua ya 4: mzizi mmoja una sura mbili, zijue zote

Watu wanafeli hapa wanadhani wamekutana na neno jipya kumbe ni lile lile limebadilisha nguo. Linda, mlinzi. Pika, mpishi. Andika, mwandishi. Penda, mpenzi. Ile d imekuwa z na ile k imekuwa sh lakini hakuna Mswahili anayeshindwa kuona undugu. Basi Kilatini kitendo kina sura ya kwanza na sura ya pili ambayo mara nyingi ina t au s.

Kuandika ni scrib na script. Describe, description. Prescribe ni kuandika kabla, daktari anaandika kwanza ndio unaenda dirisha la dawa na prescription yako mkononi. Subscribe ni kuandika jina chini ya karatasi kuonyesha umekubali, ndio kile kitufe unachobonyeza kwenye YouTube.

Kutuma ni mit na miss. Sisi tuna tuma, mtume, utume. Wao wana mission, missionary, missile kitu kilichorushwa, transmit kutuma kuvuka, iwe ni redio inatuma mawimbi au ugonjwa unahama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Submit, kutuma chini yaani kuwasilisha kwa mkubwa. Dismiss, kuachilia watu watawanyike. Permit, kuachilia apite.

Kwenda ni ced na cess, na saa nyingine ceed. Proceed na process, kwenda mbele. Exceed na excess, kupita mpaka. Precede, kutangulia. Access, kufikia. Recession, uchumi unarudi nyuma.

Kugeuza ni vert na vers. Convert, kugeuka kabisa. Reverse, gari kurudi nyuma. Advertise, kugeuza macho ya watu yaje upande wako, na ukitaka kujua tangazo zuri ni lipi nadhani maana ni hiyo hiyo. Divorce nayo imo humu, watu wawili wamegeukia njia tofauti. Vertebra ni pingili ya mgongo, mana hapo ndio mwili unapogeukia, kwaiyo vertebrate na invertebrate za Biology zimeisha hapo hapo.

Mingine ya kuanza nayo ntaitaja haraka, kazi ya kuipasua ni yako. Dict kusema, predict kutabiri, contradict kupinga, verdict tamko la kweli. Duc na duct kuongoza, reduce, produce, deduct ambayo ni makato kwenye mshahara. Ject kutupa, inject, reject, eject. Rupt kuvunja, interrupt, bankrupt, corrupt, na erupt ambayo ni Oldonyo Lengai inapopasuka kutoa moto nje. Cap, cept na ceiv kushika au kuchukua. Fac, fect na fic kufanya. Pon na pos kuweka, deposit, postpone. Ven kuja, prevent ni kuwahi kabla, intervene kuja katikati, revenue kile kinachorudi, ndio R ya katikati kwenye TRA. Vid na vis kuona. Aud kusikia. Struct kujenga. Cred kuamini, na Wakatoliki wanajua, Credo ni Nasadiki.

Hatua ya 5: mkia unakwambia neno ni la aina gani

Mikia haihitaji mda mrefu, ila able na ible nazipenda mno kuzipita haraka, mana ni ile ika na eka yetu. Legible, leg ni kusoma, ni kinachosomeka. Audible, kinachosikika. Visible, kinachoonekana. Credible, kinachoaminika. Portable tumeshaiona, kinachobebeka. Weka in ya kukanusha mbele, incredible, kisichoaminika, na hapo umefanya kitu ambacho Kiswahili kinafanya kwa si, kwenye kitu kile kile na kwa mpangilio ule ule.

Or na er mwishoni ni mtu au kifaa kinachofanya, kama mtazamaji. Auditor kwa asili ni msikilizaji, mana zamani hesabu zilikuwa zinasomwa kwa sauti mbele yake. Tion na sion ni jina la kitendo. Ify inatoka kwenye fac, kufanya, inafanana na sha yetu, simplify rahisisha, purify safisha. Ive na ous ni sifa. Inatosha kuanzia.

Hatua ya 6: ingia nayo darasani na kazini

Usibaki na daftari tu. Chukua kitabu unachosoma kweli, soma aya moja, ukikutana na neno refu simama, funika kamusi, lipasue, ubashiri maana, ndio ufungue kamusi kuhakiki. Mpangilio huo usiubadilishe. Ukifungua kamusi kwanza ubongo unakaa kivivu.

Nikupe mfano wa Physics, mana reflection na refraction zimewanyima watu wengi maksi. Flect ni kukunja au kupinda, reflection, mwanga unapindishwa unarudi ulikotoka kama kwenye kioo. Fract ni kuvunja, ndugu zake ni fracture mfupa ukivunjika na fraction namba iliyovunjwa vipande. Refraction, mwale ukiingia kwenye maji unaonekana kama umevunjika, tumbukiza kijiti kwenye glasi ya maji utakiona kimevunjika hapo hapo kwenye usawa wa maji. Baada ya hapo huwezi kuzichanganya tena. Na concave, ndani ina cave, pango, ndio ile iliyobonyea.

Geography: Mediterranean, medi ni katikati na terra ni ardhi, bahari iliyo katikati ya nchi kavu. Evaporation, e ni nje na vapor ni mvuke. Biology: herbivore, carnivore, omnivore, vor ni kula kwa pupa, na omni umeshaijua kwenye basi, vyote. Civics na kazini: candidate inatoka candidus, cheupe, mana aliyegombea cheo Roma alikuwa anavaa vazi lililong'arishwa likawa jeupe. Vacancy, nafasi iko tupu. Contract, kuvutana pamoja mpaka mkubaliane. CV ni curriculum vitae, mwendo wa maisha. Ata a.m. na p.m. za kwenye simu ni ante meridiem na post meridiem, kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri.

Kamusi ya kuhakikia, kama una bando, Etymonline inaonyesha neno limetokea wapi hatua kwa hatua, na Merriam-Webster pia ina sehemu ya asili ya neno. Kama huna bando kamusi kubwa ya karatasi inaweka asili kwenye mabano ya mraba karibu na neno, watu huwa wanaruka hapo, we anza kupasoma.

Hatua ya 7: mitego

Mtego wa hatari zaidi ni in, mana ziko mbili. Moja ni ndani, inject, inspect, import. Nyingine ni si, incorrect, invisible. Kwenye tanki la mafuta ukiona inflammable usidhani haliungui, ile in ni ya ndani, kuingia kwenye moto, kwaiyo inflammable na flammable maana yake ni moja, linawaka vibaya sana. Na invaluable sio kisicho na thamani, ni kile ambacho thamani yake haipimiki.

Alafu kuna wanaofanana sura lakini sio ndugu wa karibu. Airport na ile port ya Dar es Salaam ni portus, bandari, neno lake la pembeni. Pedestrian ni ped ya Kilatini, mguu, lakini pediatrics ni ya Kigiriki, mtoto. Manual ina mkono, woman haina mkono wowote ndani yake. Miss ya kukosa treni haihusiani na mission. Read haina re ya kurudia. Photosynthesis na biology usizitafutie Kilatini, ni Kigiriki, na Kigiriki kina daftari lake siku nyingine.

Pia maana zinahama. Nice imetokana na nescius, asiyejua kitu, leo ni sifa nzuri. Desemba ni kumi, decem, na Septemba ni saba, mana kalenda ya kale ya Roma ilianzia Machi. Vaccine ni vacca, ng'ombe, kwa sababu mwaka 1796 Edward Jenner alitumia ndui ya ng'ombe kuwakinga watu na ndui, leo chanjo nyingi hazina ng'ombe wala maziwa. Kwaiyo vipande vinakupa mlango wa kuingilia, maana ya mwisho unaipata kwenye sentensi na kamusi. Na uwe makini na hadithi tamu. Salary kweli ina sal ndani yake, chumvi, ila ile hadithi kwamba askari wa Roma walikuwa wanalipwa magunia ya chumvi haina ushahidi wa kueleweka, usiiandike kwenye insha.

Hatua ya 8: ratiba

Mizizi mitatu kwa wiki, usizidishe. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa unapasua mmoja mmoja, dakika arobaini zinatosha. Siku zinazobaki hufungui ukurasa mpya, unachukua karatasi tupu unauchora upya mti wa jana bila kuangalia, alafu unalinganisha. Mti huo urudie tena baada ya siku nne, tena baada ya wiki mbili. Kwa miezi mitatu ni mizizi thelathini na sita, na ukipata maneno kumi tu kwa kila mmoja una mia tatu na sitini, tena ambayo hayajakaririwa, yameeleweka.

Kama una mdogo wako au mwanao yuko sekondari mfundishe mti mmoja kila Jumamosi, kwa Kiswahili, kwa mifano ya tazama na mtazamo. Kila nilipojaribu kumweleza mtu nikakwama nilijua hapo sijaelewa, nikarudi kwenye daftari.

Mazoezi ya leo leo, chukua peni. Incontrovertible: in ya si, contra, vert, ible, kisichoweza kugeuziwa kinyume, yaani kisichopingika. Imperceptible: in iliyokuwa im, per, cept, ible, kisichoshikika hata kwa hisia, kidogo mno kuonekana. Unprecedented, lile neno la kwenye taarifa za habari: un ni ya upande wa Kijerumani lakini inafanya kazi ya si, pre, ced, kitu ambacho hakijatanguliwa na kingine kama hicho. Intervention, kuja katikati ya ugomvi. La mwisho sikupi jibu mana kila kipande chake umeshakisoma humu, lipasue mwenyewe ndio ufungue kamusi: irreproducible.